Baba alinipa ghorofa ya juu, kaka zangu wanataka kuuza nyumba nzima

Assalaam aleikum Somo,

Kaka zangu wawili wanataka kuuza nyumba yetu ya Mkomani, na mimi ndimi ninayekaa humo pamoja na mama yetu mtu mzima na wanafunzi watatu wa chuo cha utabibu niliowapangisha juu. Tangu baada ya Idi hatusemezani vizuri. Naomba usinitaje jina. Lamu ni ndogo, ukitaja hata nakshi ya mlango tu watu watajua ni kwa nani.

Nikueleze tangu mwanzo. Nyumba ni ya mawe, ya kale. Kama babu wa babu aliijenga au aliinunua, kila mtu husema lake. Nilipoolewa, baba hakutaka nihame. Wewe unajua desturi ya wazee wetu: binti huolewa nyumbani kwao, mume ndiye ajaye. Basi baba akatengeneza juu. Akapiga chokaa upya, akaondoa boriti mbovu akatia nyingine, akanunua kitanda na kabati. Siku ya harusi, mbele ya mama, na marehemu shangazi, na jirani mmoja, akanishika mkono akaniambia, "Huku yuu ni kwako, mwanangu." Hakuandika popote. Nani alikuwa akiandikiana na binti yake zama hizo? Hati yenyewe hadi leo ina jina la babu.

Mume wangu aliniacha watoto wakiwa wadogo. Kaka mkubwa yuko Mombasa. Baba aliuza shamba la minazi ili huyo apate kusoma. Kaka wa pili alikatiwa tikiti akaenda Maskati, na huko ndiko aliko. Nikabaki mimi. Baba alipougua nilimuuguza mimi. Mama naye magoti yamemkataa, hapandi tena ngazi, namuogesha mimi. Nyumba nimeishikilia mimi kwa pesa za mahamri na mikate ya mofa, halafu kwa kodi ya wanafunzi. Hao kaka zangu hawajatoa hata shilingi, isipokuwa ule mwaka sakafu ya darini ilipoporomoka, kaka wa Maskati alituma pesa za boriti na mafundi.

Kuhusu wanafunzi, chuo kilipofunguliwa hapa vyumba vikawa haba, nami nikaona riziki. Nikaukata msana wa juu, ule ukumbi mrefu, kwa kuta za matofali ya simiti, vikatoka vyumba vitatu, na nikapandisha tangi la plastiki darini ili wasigombanie maji. Kila chumba shilingi elfu tano kwa mwezi. Hizo ndizo dawa za mama na karo ya mwanangu wa mwisho.

Sasa, nyumba ya pili yetu, ile iliyoungana na hii kwa wikio, yaani kivuko kilichojengwa juu ya njia, zamani ilikuwa ya ukoo wetu. Bibi na dada yake walikuwa wakipitia mle kutembeleana bila kuvaa buibui. Iliuzwa zamani, ikauzwa tena, na leo ni ya Mzungu mmoja mstaarabu tu, sina neno naye. Huja Desemba, Februari amekwenda zake. Miezi mingine ni mlinzi anayewasha taa. Wikio limezibwa kwa ukuta. Huyu bwana sasa anataka na ya kwetu, aufungue ule ukuta, nyumba ziwe moja. Alimtuma dalali. Dalali akaja na futi yake akapima kila chumba, hata kile alicholala mama. Mama alijifunika leso usoni, akageukia ukutani, hakusema neno mpaka yule mtu akatoka.

Baada ya hapo kaka mkubwa akaandika kwenye grupu la familia la WhatsApp: "Nyumba si ya mtu mmoja. Baba amekufa, haki igawanywe kama alivyosema Mwenyezi Mungu." Kisha akaongeza: "Na kodi ya wanafunzi inakwenda wapi?" Watu wote wa ukoo wamo humo, Somo, na watoto wamo. Kaka wa pili yeye ni mpole, aliniandikia pembeni kwamba mwanawe ameitwa chuo kikuu na kazi ya Maskati si kama zamani. Dalali ananiambia nisijisumbue, kwamba kaka mkubwa ameshapokea arubuni.

Nilidhani majirani watakuwa upande wangu, maana ndio hao wanaolalamika kila siku kuwa mtaa umejaa milango iliyofungwa na msikitini safu haijai. Jirani wa nyuma akaja, nikamwekea kahawa. Akaniambia wanafunzi wangu wanapanda darini jioni kutafuta upepo na mtandao, na kiwanda chake, yaani ua wa ndani ya nyumba, kiko wazi, binti zake hawawezi hata kuanika nguo. Akamaliza kwa kuniambia, "Heri Mzungu, yeye huja miezi miwili."

Nataka kujua, nyumba hii ni yangu au si yangu? Niende kwa Kadhi? Nikishinda nitawapoteza ndugu zangu. Nikinyamaza nitajikuta pembezoni mwa mji, Wiyoni au Kandahari, na mama mgonjwa, katika chumba cha matofali na mabati, na nyumba yangu wanapigia picha wageni. Na tukihama na sisi, nani atabaki mtaa ule?

Wako,
Bint wa Mkomani

*

Waaleikum salaam, mwanangu, na pole.

Umeniuliza kama nyumba ni yako. Nitafika huko, lakini kwanza nataka kusema juu ya lile swali la kodi, maana naona ndilo lililokuondolea usingizi. "Tuuze" ni neno zito, lakini watu huzungumza likaisha. "Kodi inakwenda wapi" ni neno la kumwambia mtunza hesabu aliyetiliwa shaka, nawe ulikuwa umejihesabu kama binti aliyebaki. Ukaulizwa mbele ya watoto, katika grupu, ambamo hata ukijibu vizuri utaonekana unajitetea. Hapo kakako hakukutendea vyema. Hata hivyo swali lenyewe lina majibu, na unayo: dawa, karo, mofa haitoshi. Ukiwa na daftari la kodi iliyoingia na pesa zilizotoka, hata la kuanzia mwezi huu tu, swali hilo litapungua ukali. Kama huna, anza. Litakufaa njia yoyote utakayoishika, hata ile ya kuuza.

Sasa nyumba. Soma tena barua yako. Mwanzoni umeandika baba alisema "huku yuu ni kwako". Ukishuka chini unaandika "nyumba yangu". Kati ya maneno hayo mawili kuna ghorofa nzima, ambayo ndiyo anayolala mama. Sisemi umedanganya. Mtu akikaa mahali miaka yote hiyo, akafagia, akaziba nyufa, akauguza wagonjwa humo, mpaka wa juu na chini hufutika wenyewe. Lakini kaka zako hawakukaa humo, kwao mpaka haujafutika. Inawezekana kwamba wao wanakusikia ukidai chini, na wewe unawasikia wakikataa juu, nanyi nyote wawili mnajibu lisilosemwa.

Alichofanya baba siku ile kwa sheria yetu huitwa hiba, zawadi ya mtu akiwa hai. Ikitimia, kitu hicho hakimo tena katika mali ya maiti, hakiingii kwenye mirathi. Kutimia kwake kuna masharti: aliyetoa atamke, aliyepewa akubali, na akabidhiwe akishike kweli. Kutamka kulikuwako. Kukubali, uliingia na kitanda chako. Kwenye kukabidhiwa ndipo watakapouliza maswali: baba aliendelea kupanda juu kama kwake? Aliweka vitu vyake kule? Uliweza kumfungia mlango? Ni maswali yanayoudhi kwa sababu katika nyumba zetu hakuna mtu anayemfungia baba yake mlango. Ndiyo maana hiba za maneno za Lamu, ambazo zilitosha kabisa watu walipokuwa hai na wakijuana, zinawachosha mahakimu leo.

Kisichokuwa hiba ni mirathi, na hapo hesabu haina maneno mengi. Kaka zako wawili, wewe na mama, baada ya madeni na wasia ikiwa upo, kila kilichobaki hugawanywa sehemu 40: mama 5, yaani thumni yake, kila kaka 14, wewe 7. Na tahadhari moja: hati iko kwa jina la babu. Ina maana mirathi ya babu yenyewe huenda haikupitishwa, na kama babu aliacha watoto zaidi ya baba yako, akiwamo yule shangazi aliyeshuhudia harusi yako, basi kuna warithi ambao hata wewe na kaka mkubwa hamjawataja. Mtu aende ofisi ya ardhi aulizie hati hiyo kabla hamjapandishiana sauti zaidi. Mpaka warithi wathibitishwe, hakuna mmoja wenu anayeweza kuiuza nyumba peke yake, na arubuni aliyopokea mmoja haiwafungi wengine.

Hiyo arubuni nayo, umeisikia kwa nani? Kwa dalali. Dalali hupata chake nyumba ikiuzwa, na ndugu wakiaminiana kazi yake hurefuka. Huenda ni kweli. Lakini hujamuuliza kakako, na mimi nisingemhukumu kwa ulimi wa yule bwana wa futi.

Katika barua yako amesema baba, amesema kaka, amesema dalali, amesema jirani, hata Mzungu tumejua anataka nini. Mama hakusema. Nimemwona mara moja tu, kajifunika leso kageukia ukutani. Wewe umelisoma tendo lile kama upande wako, na huenda ndivyo. Huenda pia alikuwa na haya tu, mwanamume mgeni kamuingilia ndani. Huenda alikuwa akiwaza kwamba yeye ndiye shahidi. Shangazi amefariki. Jirani hukusema kama yuko hai. Ukienda kwa Kadhi kudai hiba, anayebaki wa kusimama na kusema "nilimsikia marehemu" ni mama, na atakuwa akisema hivyo mbele ya wanawe wawili aliowazaa, kuwapunguzia fungu lao. Hujaniambia umewahi kumuuliza anachokitaka. Inawezekana unaogopa jibu. Wako wazee wanaotaka kufia kitandani mwao, na wako waliochoka na ngazi na unyevu ambao wangependa chumba kimoja kikavu karibu na hospitali, ila hawasemi kwa sababu wanaona binti kaishikilia nyumba kwa ajili yao.

Ukimuuliza, usimuulize "mama, baba alinipa au hakunipa?" Hapo umeshamfanya shahidi. Muulize angependa kulala wapi, na nani awe karibu. Kisha umwache, hata kama atakujibu wiki ijayo wakati unamkanda magoti.

Turudi kwa kaka zako. Uliandika "hata shilingi", halafu mwenyewe ukaitaja sakafu ya darini. Nimekupenda kwa kuitaja. Nayo si kitu kidogo: boriti za mikoko, chokaa na mafundi si bei ya mahamri. Yule wa Maskati ana mtoto aliyeitwa chuo kikuu, na karo hiyo haina subira. Yeye hakukuambia "toka", alikwambia ana shida. Ukimtia kapu moja na mkubwa, utakuwa umejipunguzia ndugu kabla hata ya kesi. Na lile shamba la minazi, mkubwa alitaje au asilitaje, ukweli ni kwamba kila mtoto wa baba yenu alipewa kitu: mmoja masomo, mmoja safari, mmoja ghorofa. Sijui kama mmewahi kukaa mkalitazama hivyo pamoja. Mirathi hailazimishi kuhesabu alivyotoa mzee alipokuwa hai, lakini ndugu huridhiana kwa mengi yasiyolazimishwa, na uuguzi wako, ambao hauna fungu lolote katika zile 40, unaweza kupata nafasi yake hapo tu.

Kwa Kadhi unaweza kwenda. Katiba inaipa mahakama hiyo mirathi ya Waislamu, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kuhukumiwa pale. Watu wengi wanaogopa mlango ule kana kwamba ni vita, na mimi nimeona familia zilizokwenda wote pamoja, wakaomba tu wagawiwe, wakarudi kunywa chai. Tofauti ni nani aliyekwenda kwanza na kwa neno gani. Ukienda peke yako, ukirudi na samansi, hata ukishinda juu, chini kutabaki kwa ushirika, na ngazi ni moja.

Kuuza kuna sura yake nzuri ambayo barua yako haikuipa nafasi. Pesa za nyumba ya Mkomani si haba siku hizi, na fungu lako pamoja na la mama, pengine na kitu cha kuridhiana juu ya ghorofa, vinaweza kununua kiwanja na kujenga kidogo. Usiidharau Wiyoni, watu wanaishi, wanaoana, misikiti imejaa kuliko ya Mkomani. Hatari yake unaijua: pesa zilizogawanywa huyeyuka na kiwanja kisicho na hati safi kinaweza kuzimeza zote. Na tangu bandari mpya ya Lamu ianze kupokea meli mwaka 2021, kila mwenye ekari bara anaiita dhahabu. Tena jua kwamba kwa Katiba ya 2010 asiye raia hapewi ardhi kwa milele. Hupewa kwa kukodi, usiozidi miaka 99. Wewe na mimi hatutakuwapo mwaka wa 99, lakini wajukuu watakuwapo, na ni vyema karatasi ieleze wazi nyumba inarudi kwa nani. Ukisikia itaandikwa kwa jina la mtu mwingine kwa niaba yake, simama hapo hapo mpaka umwone wakili asiyelipwa na dalali.

Lakini kwa nini iwe miaka 99? Yako majumba hapa ambayo wenyewe walimkodisha mgeni kwa miaka michache, naye kama sehemu ya kodi akatengeneza kuta na sakafu, muda ukaisha wakarudi kwenye nyumba iliyo imara kuliko waliyoiacha. Bwana huyu mnaweza kumuuliza kama juu pekee pangemtosha, apitie wikio lake, na mama abaki chini. Kaka zako wangepata kitu kila mwaka, kaka wa Maskati angepata cha karo. Hatari ni kwamba juu ndiko ulikopewa wewe, kwa hiyo wewe ndiye utakayeshuka, na wanafunzi wako wataondoka na riziki yako nao. Na mgeni akishazoea kupaka rangi anavyotaka, kumtoa siku ya mwisho kunahitaji mkataba ulioandikwa na mtu makini.

Njia ya tatu ni wewe kuwanunua kaka zako polepole. Kwa elfu tano za chumba ni safari ndefu, sikufichi. Lakini warithi walioshirikiana mali isiyogawanywa wana haki ya shufaa katika madhehebu yetu ya Shafii: mshirika mmoja akimuuzia mtu wa nje fungu lake, mshirika aliyebaki ana haki ya kulichukua kwa bei ile ile. Muulize Kadhi inavyofanya kazi kwenye nyumba yenu. Hata kama huna pesa, kujua tu kwamba haki hiyo ipo kunaweza kukutoa hofu ya kuamka siku moja ukakuta fungu la kaka limekwenda.

Wapo watakaokushauri muiweke wakfu kwa kizazi. Wakfu hauuzwi, na hilo litakupendeza. Nami nimepita mbele ya nyumba za wakfu zilizoota mti ukutani kwa sababu kila mtu ana haki nayo na hakuna mwenye ufunguo. Tena haufunguki ukishafungwa. Usiutaje katika hasira.

Jirani wako wa nyuma sikumwacha. Maneno yake yalikuuma kwa sababu wewe ulijiona ndiye mlinzi wa mtaa. Lakini sikiliza alichokuja kukwambia: amekaa, amekunywa kahawa yako, na hakwenda kwanza kwa chifu. Ujirani unaouogopea kwamba Mzungu ataumaliza ndio huo uliokuja kukaa mbele yako na malalamiko. Sitiri ya kiwanda ndiyo iliyofanya nyumba zetu zijengwe zikitazama ndani. Lamu haikuanza jana kuwahifadhi wanafunzi; kwa zaidi ya miaka mia vijana wa nchi nyingine wamekuja Riyadha, msikiti wetu wenye chuo cha dini, kusoma na kulala katika mtaa, na watu waliishi nao kwa sababu mipaka ilijulikana. Weka kitasa mlango wa darini baada ya alasiri, au kiambaza cha makuti upande wa kiwanda chake. Ni gharama ndogo, na siku utakapohitaji mtu wa kusema nawe mbele ya kaka zako, utakuwa naye nyuma ya ukuta.

Na lile tangi. Hukusema ukubwa wake, lakini kama ni la lita 1,000, likijaa ni tani nzima ya maji imekaa juu ya boriti. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu wa kubeba chumba kipana, na hiyo ni boriti nzima, kavu, siyo iliyonyeshewa miaka. Sakafu hiyo imeshaporomoka mara moja, na chini yake wanalala watoto wa watu. Zile kuta za simiti pia: saruji hainywi na kutema unyevu kama chokaa, huufungia ndani ya mawe ya matumbawe na chumvi ikala ukuta kutoka ndani. Zaidi ya hayo, Mji wa Kale umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na watu wa makumbusho wana la kusema juu ya mabadiliko kama hayo. Mwite fundi wa zamani aangalie, na ikibidi tangi lishushwe kiwandani, wanafunzi wabebe ndoo kama tulivyobeba sote. Hili halingojei mirathi.

Sikukwambia uuze wala ushikilie, kwa sababu mwenye magoti mabovu hajasema. Lakini kuna la kufanya wiki hii ambalo halimpunguzii mtu fungu. Toka kwenye lile grupu kwa mazungumzo haya, usijibu kitu humo tena. Mpigie simu kaka wa Maskati, siyo kumvuta upande wako. Muulize mtoto ameitwa chuo gani na anatakiwa kulipa nini kabla ya kufungua. Kisha mwambie uliandika kwa watu kwamba hawajatoa hata shilingi, ukakumbuka zile boriti. Halafu umwombe yeye, maana mkubwa anamsikiliza, mpange siku wote watatu mje nyumbani Maulidi, boti ni zile zile, mkae chini alipo mama, na dalali asiwepo.